Tundu la pili la kutolea maji kwenye tangi la samaki: litobolewe nyuma, chini, au lisitobolewe kabisa?

Tangi lenye tundu moja la kutolea maji halina shida mpaka siku konokono anapojibana kwenye mdomo wa bomba. Pampu iliyo kwenye sampu, yaani lile tangi dogo la chini lenye vichujio, haina habari kwamba njia ya kushukia imeziba. Inaendelea kupandisha maji. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 50 ambalo maji yake yamebakiza sentimita 3 kufika ukingoni: nafasi hiyo ni lita 18, na pampu ya lita 2,000 kwa saa huijaza kwa nusu dakika hivi. Baada ya hapo maji yanakwenda sakafuni.

Tundu la pili lipo kwa ajili ya siku hiyo. Wengi hulitafuta kwa sababu wanataka maji mengi zaidi yapite, na kweli yatapita, lakini hiyo ni faida ya pembeni. Katika kila njia iliyoelezwa hapa, swali la kuuliza ni moja: njia kuu ikiziba usiku watu wamelala, maji yataenda wapi?

Kwanza hesabu matundu uliyo nayo

Matangi mengi yanayouzwa yakiwa na mnara wa kufurikia kwenye kona (chumba chembamba cha wima ambacho maji ya juu huingia kwa kupita ukingo wake wenye meno) huwa tayari na matundu mawili ndani ya mnara huo. Moja, kwa kawaida la bomba la inchi 1, linateremsha maji. Jingine, mara nyingi la robo tatu inchi, linapandisha maji kutoka kwenye pampu. Kama lako liko hivyo, huenda huhitaji drili. Bomba la pampu lipitishe juu ya ukingo wa nyuma, na matundu yote mawili yawe ya kuteremshia.

Hii ndiyo njia tunayoiweka mbele ya zote kwa mwenye tangi la aina hiyo. Kioo hakiguswi, gharama ni vipande vichache vya PVC, na ukibadili nia unarudisha kila kitu kilivyokuwa. Hasara yake ni bomba linaloonekana juu ya ukingo, pamoja na hatari moja ya kuzingatiwa: umeme ukikatika, bomba hilo linanyonya maji kurudi chini mpaka mdomo wake upate hewa. Kwenye tangi letu la mfano, mdomo uliozama sentimita 5 utarudisha lita 30 kwenye sampu. Uliozama sentimita 2 utarudisha 12. Kwa hiyo weka mdomo karibu na uso wa maji. Wapo wanaotoboa kitundu cha milimita 5 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili kiingize hewa na kukata mvuto. Kinafanya kazi, ila mwani hukiziba, kwa hiyo kichukuliwe kama nyongeza tu. Urefu wa mdomo ndio unaotegemewa.

Kama una tundu moja tu, au matundu yote yana kazi isiyoondoka, endelea.

Kioo kinatoboleka?

Kabla ya kulinganisha nyuma na chini, jibu la swali hili linaweza kufunga mjadala. Kioo cha tempa, kilichopashwa moto wa nyuzi 600 na zaidi kisha kupozwa kwa ghafla, hakitoboleki. Uso wake umebanwa na kiini chake kimevutwa, na nguvu hizo mbili zinashikana kwa mizani. Biti ikipenya uso, mizani inavunjika na kioo chote kinasambaratika kuwa chembe ndogo ndogo kwa mara moja. Ufundi wa mkono haubadilishi hilo, wala biti nzuri. Vioo vya tempa vyenye matundu vilitobolewa kabla ya kupitishwa kwenye moto.

Matangi kadhaa ya kiwandani yana sakafu ya tempa huku kuta zake zikiwa za kioo cha kawaida. Usidhani kwamba ukuta ukiwa wa kawaida na sakafu ni hivyo hivyo. Pima kila kioo peke yake.

Kipimo cha nyumbani kinahitaji miwani ya jua ya polaroidi na skrini bapa ya kompyuta. Fungua ukurasa mweupe, weka skrini upande mmoja wa kioo, simama upande wa pili ukiwa umevaa miwani, kisha inamisha kichwa taratibu mpaka skrini iwe nyeusi. Ukitazama hivyo, kioo cha tempa huonyesha madoa, mistari au mawingu ya rangi, hasa karibu na kingo. Kioo cha kawaida kinabaki cheusi sawasawa. Kwa sakafu, tangi lazima liwe tupu na liinuliwe ili mwanga upite. Tafuta pia muhuri mdogo wa tempa kwenye kona ya kioo. Ukiwepo, umemaliza kazi, lakini kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote. Ukibaki na shaka baada ya hapo, usitoboe.

Nyuma au chini

Tuseme vioo vyote viwili vinatoboleka. Hapa ndipo watu hubishana, na sisi tunaegemea nyuma waziwazi.

Tundu la ukuta wa nyuma huwekwa juu, karibu na uso wa maji, na mbele yake hukaa kisanduku cha kufurikia, chenye ukingo wa meno kama ule wa mnara. Likivuja, maji yanashuka mpaka usawa wa tundu kisha yanakoma. Kwa tangi la mfano, tundu ambalo ukingo wake wa chini uko sentimita 10 chini ya maji linaweza kupoteza lita 60. Ni hasara, lakini samaki wanabaki hai na una nafasi ya kurekebisha bila kuhamisha kitu. Tundu la sakafuni lisilo na mnara likivuja linamwaga tangi lote.

Mnara unabadilisha hesabu. Tundu la chini lililo ndani ya mnara uliozibwa vizuri kwa silikoni likivuja litamwaga maji ya mnara tu, kwa sababu ya nje hayaingii ila kwa kupita juu ya meno. Tatizo ni kwamba usalama wako sasa umeegemea mstari wa silikoni ambao huenda una miaka kumi. Silikoni ya mnara ikiachia kidogo chini, hutaona dalili mpaka umeme ukatike na maji yaendelee kushuka polepole usiku kucha.

Watu huogopa tundu la chini kwa sababu ya uzito wa maji. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Kwenye kina cha sentimita 50, maji yanayokaa juu ya tundu la milimita 45 yana uzito wa gramu 800 hivi. Konekta ya tangi, yaani kiungo chenye nati kinachoshika bomba kwenye tundu la kioo, haishindwi na uzito huo. Inashindwa na washa (pete ya mpira ya kuzuia maji) iliyokaa vibaya, nati iliyokazwa kupita kiasi, au bomba zito linaloning'inia bila kushikwa. Mambo hayo yakitokea nyuma unayaona. Yakitokea chini, ndani ya kabati, utayajua kwa kukanyaga maji.

Nafasi nayo inaamua. Konekta na elbo nyuma ya tangi zinahitaji sentimita 10 mpaka 15 kati ya kioo na ukuta wa nyumba. Kama tangi limesukumwa hadi ukutani na kabati lake halisogezeki, tundu la nyuma halina pa kutokea. Chini unahitaji tundu kwenye ubao wa kabati, pana kuliko nati, na sponji ya chini ikatwe ili isibane konekta.

Kuna jambo moja la vitendo ambalo hujulikana kazi ikiwa imeanza. Kutoboa tundu la ziada ndani ya mnara wa kona ni tabu kubwa: drili haienei, mkono hauoni, na tundu jipya likikaa karibu na la zamani kioo kati yake kinadhoofika. Inabidi kulaza tangi na kutoboa kutoka nje kuingia ndani, maana yake mabapa ya kutokea, yaani vipande vinavyobanduka pale biti inapotokeza, yatakuwa upande wa ndani, pale hasa washa inapotakiwa kukaa. Ukuta wa nyuma mtupu nao hutobolewa kutoka nje, lakini drili inaenea na ndani yake panafikika kubandika tepu ya kupunguza mabapa. Kwa hiyo tundu la chini lina maana kwa tangi jipya ambalo bado halijaunganishwa, au kwa mwenye mnara mpana na asiye na nafasi nyuma kabisa.

Kisanduku cha sifoni badala ya tundu

Kisanduku hiki huning'inia ukingoni. Sehemu moja iko ndani ya tangi, nyingine nje, na bomba lenye umbo la U lililopinduliwa linavusha maji kati yake kwa sifoni, yaani mvuto wa maji yaliyojaza bomba bila hewa. Hakuna kutoboa. Kwa kioo cha tempa, au tangi kubwa lililojaa ambalo haliwezi kumwagwa, hii ndiyo njia iliyobaki, na ukiichagua kwa sababu hiyo hujakosea.

Udhaifu wake uko kwenye ile U. Vipovu vya hewa vinavyoingia na maji hukusanyika juu ya kipindo. Maji yakienda kasi yanavisukuma kutoka. Yakienda polepole, kwa mfano bomba ni pana mno kwa pampu uliyo nayo, vipovu vinajaa mpaka mvuto unakatika. Hapo njia ya kushuka imekufa na pampu bado inapandisha. Wengine hufunga pampu ndogo ya kunyonya hewa kwenye kipindo, nayo husaidia hadi siku itakapoziba.

Kinga ya kweli ni kwenye hesabu ya sampu. Maji yaliyomo kwenye chumba cha pampu, kuanzia usawa wa kawaida hadi pale pampu inapoanza kuvuta hewa, yawe machache kuliko nafasi iliyobaki juu ya tangi. Chumba cha sentimita 30 kwa 20 chenye maji ya kina cha sentimita 18 juu ya mdomo wa pampu kina lita 10.8. Tangi letu lina nafasi ya lita 18. Sifoni ikikatika, pampu itapandisha zile 10.8 kisha itakosa maji, na sakafu itabaki kavu. Weka swichi ya kuelea inayozima pampu ili isiungue ikizunguka tupu. Na kama una kijazio kinachoongeza maji yenyewe pale sampu inaposhuka, kiwekee kikomo: hicho kitaona chumba cha pampu kimepungua, kitamwaga maji safi, na hesabu yako yote itaharibika.

Kama tundu moja lipo tayari, kisanduku cha sifoni kinaweza kuwa njia ya akiba. Hatukipendekezi kwa kazi hiyo. Njia ya akiba hukaa bila maji au na maji kidogo sana, na sifoni isiyopitisha maji ndiyo inayopoteza mvuto upesi. Kikitumika, kiwe njia kuu, na tundu lililopo liwe la akiba.

Mabomba mawili au matatu, na yanafanya nini

Idadi ya matundu utakayotoboa inategemea mpangilio wa mabomba, kwa hiyo amua hili kabla ya kushika drili.

Bomba moja la mtindo wa Durso lina tii (kiungo chenye umbo la T) juu na kifuniko chenye kitundu cha hewa. Maji na hewa hushuka pamoja. Kwa bomba la inchi 1, mtiririko ukizidi lita 1,200 kwa saa au hivi huanza kugugumia, na ukiendelea kuupandisha linaanza kuvuta na kuachia kwa kelele. Halina akiba yoyote.

Mpangilio wa Herbie una mabomba mawili. La kwanza limejaa maji mwanzo hadi mwisho, halina hewa, na geti valvu chini yake, ile inayofungwa polepole kwa kuzungushwa mara nyingi, inapunguza mtiririko mpaka maji ndani ya kisanduku yatulie sentimita 5 hadi 8 juu ya mdomo wake. La pili, la akiba, mdomo wake uko sentimita 2 au 3 juu ya usawa huo. Ukimya wake ni wa kushangaza kwa aliyezoea Durso. Bomba lililojaa pia linabeba zaidi: la milimita 25 lenye mteremko wa sentimita 70 na elbo mbili tatu hupitisha karibu lita 3,000 kwa saa, wakati mdomo wazi uliozama sentimita 5 bila mvuto wa sifoni hupitisha 1,000 hivi. Tumia geti valvu. Ile ya mpini wa kugeuza robo mzunguko haikupi marekebisho madogo yanayohitajika hapa.

BeanAnimal ni mabomba matatu: la sifoni, la wazi linalobeba maji kidogo, na la akiba lililo kavu. Lile la wazi lina mpira mwembamba wa hewa ambao ncha yake iko juu ya usawa wa kawaida. La kwanza likiziba, maji yanapanda, yanafunika ncha ya mpira, na la pili linageuka kuwa sifoni lenyewe. Huu ndio mpangilio salama kuliko yote, na unafaa ukuta wa nyuma, lakini pima upana kwanza. Matundu matatu ya milimita 45, yakiachana kwa milimita 45 kati ya kingo zake, yanachukua milimita 225 bila kuhesabu nafasi ya pembeni.

Kwa mwenye tundu moja anayeongeza la pili, Herbie ndio jibu la kawaida. Kwenye mnara uliokuwa na tundu la inchi 1 na jingine la robo tatu inchi, la robo tatu likijaa maji inatosha pampu ya hadi lita 1,500 kwa saa, na hapo inchi 1 inabaki kuwa akiba pana. Pampu ikiwa kubwa zaidi, yabadilishane kazi, kisha hakikisha kwa jaribio kwamba robo tatu inaweza kubeba mtiririko wote peke yake.

Sheria mbili hazina mjadala. Bomba la akiba halifungwi valvu. Na halikutanishwi na bomba kuu kwa tii njiani: kila moja lishuke kwenye sampu peke yake. Matundu mawili yanayoishia kwenye bomba moja ni tundu moja lililogharimu mara mbili.

Upana wa meno ya kisanduku nao uhesabiwe. Kadirio linalotumika ni lita 100 kwa saa kwa kila sentimita ya ukingo ulio wazi, na meno yanapunguza uwazi huo. Kisanduku cha sentimita 30 chenye meno yaliyochukua nusu ya ukingo kipe lita 1,500. Ukiweka matundu makubwa nyuma ya ukingo mfupi, maji yatapanda tangini kabla hayajafika kwenye tundu.

Fundi wa vioo au mwenyewe

Kwa kioo kilichotengana, mpelekee fundi. Mashine yake ya mezani inapitisha maji katikati ya biti na kutoboa kutoka pande zote mbili, tundu linatoka safi. Tangi lililounganishwa mara nyingi haliingii kwenye mashine hiyo, na fundi atatumia drili ya mkono kama wewe. Tofauti iliyobaki ni uzoefu wake. Muulize mapema kioo kikipasuka ni juu ya nani, kwa sababu kawaida ni juu ya mwenye tangi.

Ukifanya mwenyewe, nunua konekta kwanza, biti baadaye. Konekta za inchi 1 mara nyingi hutaka tundu la milimita 45, lakini zinatofautiana. Pima kipenyo cha nyuzi kwa kalipa na uongeze milimita 1 au 2. Biti ni ile ya duara yenye unga wa almasi ukingoni. Haina ncha ya katikati, kwa hiyo huteleza mwanzoni ikiwa haina kiongozi.

Nafasi: kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa kioo kuwe na angalau kipenyo kimoja cha tundu, na kati ya tundu na tundu vivyo hivyo. Ukiwa na nafasi, ongeza. Kumbuka kisanduku cha ndani na mdomo wa elbo unapopima urefu kutoka juu, kwa sababu kinachoamua usawa wa maji ni meno ya kisanduku. Tundu liko chini yake.

Mwaga tangi lote. Inawezekana kutoboa ukuta wa nyuma kwa kushusha maji sentimita 20 chini ya tundu, na wapo wanaofanya. Lakini kioo kimesimama, maji ya kupozea yanateremka badala ya kukaa, unga wa kioo unadondokea kwa samaki, na ukuta unatobolewa ukiwa bado unasukumwa na maji ya chini yake. Ukitoboa tangi tupu, kioo hakina mzigo. Samaki waende kwenye ndoo kubwa zenye pampu ya hewa na hita, na sponji za kichujio zikae kwenye maji ya tangi ili bakteria wasife.

Laza tangi kifudifudi juu ya blanketi nene, ukuta wa nyuma ukitazama juu. Ndani, chini ya mahali pa tundu, bandika tabaka tatu nne za tepu ya karatasi zikipishana. Tepu inashika kipande kitakachokatika na kupunguza mabapa. Nje, bandika kipande cha plaiwudi chenye tundu la kipenyo cha biti, na biti izunguke ndani yake mpaka ichore mfereji wa milimita 1. Kisha ondoa plaiwudi, zungushia udongo wa kuchezea wa watoto kama ukuta mdogo, na ujaze maji kina cha sentimita 1. Yakiwa meupe kama maziwa, yabadilishe.

Drili ya betri ni salama kuliko ya waya karibu na maji. Ya waya lazima ipitie kikata umeme kinachokata mkondo unapovuja. Vaa miwani ya kinga na glavu, na usiache unga ukauke ukapeperuka. Mwendo wa mizunguko 300 hadi 500 kwa dakika unafaa biti ya milimita 45, na kubwa zaidi izunguke taratibu zaidi. Uzito wa drili yenyewe unatosha kuwa mgandamizo. Kila sekunde 15 au 20 inua biti kidogo, maji yaingie chini yake. Kioo cha milimita 6 huchukua dakika 4 hadi 8, cha milimita 10 dakika 10 hadi 15. Ikiwa inaenda haraka kuliko hivyo, unakandamiza.

Milimita ya mwisho ndiyo inayopasua matangi. Sauti inabadilika na kuwa nyembamba, na maji yanaanza kupotea. Hapo beba sehemu ya uzito wa drili kwa mkono na uiache biti ijikate yenyewe. Drili iliyoinama inatokea upande mmoja kabla ya mwingine, biti inashika, na ufa unakimbia kutoka pale. Sababu nyingine za ufa ni kioo kilichopata moto kwa kukosa maji, na tundu lililo karibu mno na ukingo. Ufa haurekebishwi kwa silikoni. Kioo kinabadilishwa.

Mabapa madogo kwenye ukingo wa tundu hayana neno ikiwa washa inayafunika kwa milimita kadhaa. Pitisha msasa wa maji namba 220, kisha 400, ukiwa umelowa, kwenye kingo zote mbili za tundu. Dakika tano za msasa zinaondoa vijufa ambavyo ufa ungeanzia siku nati itakapokazwa.

Kichwa cha konekta kiwe ndani ya tangi, washa ya mpira iwe chini ya kichwa hicho, na nati iwe nje. Washa moja, upande mmoja. Kaza kwa mkono kisha ongeza robo mzunguko. Baadhi ya nati hukaza kwa kugeuza kinyume na zilizozoeleka, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuitia nguvu. Usipake silikoni kwenye washa: inaifanya iteleze na kukunjika nati inapokazwa, na siku ya kubadilisha konekta utahatarisha kioo. Weka yunioni (kiungo kinachofunguka bila kukata bomba) chini ya kila konekta na ushike bomba kwa klipu kwenye kabati, uzito wake usiningʼinie kwenye kioo.

Kujaribu

Jaza maji mpaka juu ya konekta, funga karatasi kavu ya shashi kuzunguka kila nati na uache saa 24. Karatasi inaonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Kisha washa pampu. Mwisho wa bomba la sifoni uzame sentimita 2 au 3 tu kwenye sampu, kwa sababu ukizama zaidi hewa iliyo ndani haitatoka na sifoni haitaanza. Rekebisha valvu kwa zamu ndogo, subiri dakika kadhaa kati ya zamu. Usawa ukitulia, funga kabisa valvu ya bomba kuu na usimame hapo kwa dakika 10, pampu ikiwa kwenye nguvu yake yote. Maji yatapanda, yataingia kwenye bomba la akiba, na yatasimama mahali fulani. Tia alama ya kalamu pale yaliposimama. Ikiwa kutoka alama hadi ukingoni hakufiki sentimita moja, punguza pampu au teremsha mdomo wa akiba kisha urudie. Halafu zima umeme na utazame sampu mpaka maji ya tangi yaache kushukia humo: hapo nako tia alama, na usijaze sampu kupita kiwango cha kawaida kilichoyafikisha maji pale.